Damu ya Wifi kwa Jina Langu

Mshauri mpendwa,

Ukurasa wako nausoma tangu enzi zile ulipokuwa ukiwajibu akina mama wanaolalamika kwamba waume zao wanakoroma, na sikuwahi kufikiri iko siku nitakaa upande huu wa kalamu, lakini naomba unisaidie kwa sababu jambo nililolifanya nimeshindwa kulimeza na kulitema pia nimeshindwa, na kila nikimwona wifi yangu anasogeza sahani pembeni kabla hajamaliza chakula, hamu ya kula inanitoka na mimi.

Nafanya kazi kwenye dobi kubwa, si dobi la beseni na kamba, ni la mashine, tunafua shuka na mataulo ya hoteli na ya hospitali, na mimi ni msimamizi wa chumba cha pasi, mahali ambapo shuka huingia upande mmoja ikiwa imekunjamana na kutokea upande wa pili imenyooka, na joto la humo ukishalizoea hakuna tena joto litakalokushtua duniani. Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alimbeba mgongoni akiwa yeye mwenyewe bado mtoto, na ndoa yake ilipovunjika akaja kukaa kwetu na hakuna aliyehoji. Naye yuko palepale kazini kwetu, ila kule nyuma, kwenye chumba cha kuchambua, ambako mafurushi ya hospitali hufunguliwa na kila kilichomo, iwe damu, matapishi au kinyesi, huondolewa kwa mkono wenye glavu kabla shuka haijaingia mashineni. Wenzake wanamwita Mama Povu kwa sababu kicheko chake kikianza hufura na kumwagikia kila aliye karibu. Mimi nimeajiriwa, yeye ni kibarua, miaka yote hii ni kibarua, kila asubuhi anasimama getini anapewa kipande cha bati chenye namba na jioni anakirudisha, kwa hiyo jina lake halimo popote pale kiwandani, kilichomo ni bati.

Sasa pale kwetu tuna desturi moja, sijui kama na kwingine ipo, sisi tunaiita kuazimana jina. Aliyeajiriwa ana kadi ya zahanati ya kiwanda, kibarua hana, basi kibarua akiumwa anachukua kadi ya ndugu au rafiki anaingia nayo, kadi hazina picha, na tabibu wa pale hatazami uso, anatazama kadi. Wifi aling'olewa gego kwa jina langu, na mpaka leo kwenye faili mimi nina pengo ingawa meno yangu yote ninayo na mfupa nautafuna. Kuna dereva wetu mmoja wa lori, ana ndevu kabisa, ambaye kwenye faili lake amewahi kutibiwa kichefuchefu cha mimba. Hakuna aliyeona kuwa ni dhambi, tunaona ni kusaidiana, na ukweli ni kwamba bila hivyo wale wa nyuma wangeshakufa kwa vitu vidogo vidogo.

Mwaka huu menejimenti ikaleta kipimo cha saratani ya utumbo mpana, kwa walioajiriwa ambao wamefikisha umri wa kupimwa. Nesi akatukusanya wakati wa chai akatueleza kwamba ukienda haja kubwa unachukua choo kidogo kwa kijiti, unakitia kwenye kichupa, unafunga, unamrudishia, kisha maabara wanatafuta damu ambayo macho hayaioni, kwa sababu ugonjwa huu huanza kimyakimya na kauvimbe kadogo ambako kakiwahiwa kanatolewa na mtu anaendelea na maisha yake. Watu wakacheka sana, unajua tena mambo ya choo. Vibarua waliokuwa wanapita na mikokoteni ya shuka wakasimama kusikiliza, na wifi yangu akauliza kwa sauti, "Na sisi wa nyuma, nesi, vichupa vyetu viko wapi?" Nesi akajibu kwamba vimekuja kwa idadi ya wenye kadi, akainamisha kichwa. Wifi akasema, "Ahaa, kumbe matumbo yetu sisi ni ya chuma." Tukacheka tena, na mimi nilicheka.

Kichupa changu nilikitia kwenye mkoba, nikakihamishia kabatini, nikakisukuma nyuma ya masufuria ambayo hatuyatumii. Nilijiambia ni kinyaa, na kinyaa kilikuwepo, nilijaribu asubuhi moja nikatapika, lakini ukweli ni kwamba niliogopa, baba yangu alikufa kwa tumbo na nyumbani hakuna aliyetamka ni tumbo la namna gani, basi mimi nikawa naamini kwamba kisichotafutwa hakipatikani. Shida ikawa nesi. Yule mama akawa kila siku wakati wa chai anasoma kwenye kipaza sauti majina ya ambao hawajarudisha, "Msimamizi wa pasi, kichupa chako bado nakisubiri," na vijana wangu wa chumba cha pasi wakaanza kuniuliza kwa heshima zote kama nimefunga choo. Mtu mzima, msimamizi, nikawa kichekesho.

Jioni moja nikamfuata wifi jikoni, alikuwa anasuuza vyombo.

"Wifi, mwenzio nimeshindwa. Kila nikijaribu natapika."

"Msimamizi mzima unaogopa mavi yako? Mimi nashika ya watu nisiowajua kutwa nzima."

"Basi nisaidie."

"Nikushikie kijiti?"

"Nitolee wewe. Nani atajua?"

Alicheka mpaka akaegemea mlango. Akasema, "Gego nimetoa kwa jina lako, sasa na hili nalo nitoe kwa jina lako. Wifi, utaniachia nini mimi cha kwangu?" Asubuhi akanipa kichupa kimefungwa kwenye karatasi vizuri kama zawadi, nikakipeleka, nesi akanishukuru mbele za watu, vijana wangu wakanipigia makofi.

Haukupita muda mrefu nesi akaniita chumbani kwake na kufunga mlango. Akaniambia damu imeonekana, akanishika mkono, akasema nisiogope, si lazima iwe saratani, huenda ni bawasiri au kitu kingine kidogo, na hata uvimbe ukiwahiwa hutolewa, lakini lazima niingizwe kamera ya utumbo ili waone. Mshauri, nitakueleza kitu ambacho sijamweleza mtu. Jambo la kwanza nililolihisi lilikuwa nafuu. Nilijua si yangu, na moyo wangu ukatulia kabisa, tena nikashusha pumzi. Ndipo likaja la pili, nikakumbuka sketi ya wifi ambayo siku hizi anaibana kwa pini kiunoni, nikakumbuka anavyokawia chooni na akitoka anasema vidoa vya damu ni bawasiri zake za zamani, za kukaa kwenye benchi gumu, na ile tabia aliyoianza ya kuonja chakula na kumsogezea binti yangu sahani. Nikamwomba nesi arudie alichosema, akadhani naogopa kifo changu akanipa maji.

Hapo hapo ndipo iliponipasa kusema. Sikusema. Nesi alikuwa ameshashika simu anaongea na watu wa bima, tarehe ikapatikana palepale, na wiki chache nyuma menejimenti ilikuwa imebandika tangazo kwamba yeyote atakayekutwa anaazimisha kadi kazi hana, na mume wangu tangu aanguke kwenye jengo mgongo wake haubebi kitu tena, nyumba nzima inakula kwenye pasi yangu. Nikajiambia nitalitengeneza kesho, na kesho nikajiambia vilevile.

Basi nikaenda mimi. Nikamdanganya wifi kwamba wananichunguza vidonda vya tumbo. Hospitali walitaka mtu wa kunirudisha nyumbani kwa sababu ya dawa ya usingizi, mume wangu hawezi safari ndefu, wifi akasema atakuja yeye, akakosa bati la siku ile. Usiku wa kuamkia siku hiyo, nilipokuwa nakunywa ile dawa ya kusafisha tumbo, yeye ndiye aliyesimama nje ya mlango wa choo na jagi la maji, ananitania kwamba leo msimamizi anafua ndani. Kule hospitali ni pazuri, viti vina mito, watu wanaongea kwa sauti ya chini, na wifi alikaa kwenye benchi na mkoba wangu mapajani, ameushika kwa mikono miwili kama vile mtu angeuiba.

Nilipozinduka daktari akaja, wifi akiwa kando yangu na viatu vyangu mkononi, akasema, "Mama, utumbo wako ni safi kabisa. Ile damu iliyoonekana kwenye kipimo cha choo hatujaona ilikotoka. Wakati mwingine hutokea." Wifi aliinama akanivika viatu kwa sababu nilikuwa bado na kizunguzungu. Tulipokuwa tunatafuta usafiri ndipo akauliza, "Kwa hiyo kile kichupa kilikuwa na damu?" Nikamjibu, "Vipimo navyo hukosea, wifi." Akasema, "Hukosea. Hata mashine zetu huunguza shuka nzima." Kisha akaniuliza kama nina njaa. Nashukuru hakuunganisha mambo, wifi hakusoma sana.

Kazini wakanifanyia sherehe ndogo ya kupona, soda na keki, nesi akanitolea mfano kwa wanaoogopa kupima, na wifi alikuwa mlangoni anapiga makofi na glavu zake. Tangu siku hiyo amekuwa mpole ajabu, hata mizaha imepungua. Viatu vyake vizuri amempa binti yangu, anasema vimeanza kumpwaya. Amekwenda kupatana na jirani waliyekuwa hawasalimiani. Jioni anamfundisha binti kupika, anampimia mchele wa watu wanne, na sisi nyumbani, pamoja na mdogo wake wa kiume, tuko watano, nilipomwambia anakosea hesabu akasema, "Mimi nakula kidogo siku hizi, wifi."

Sasa nifanye nini? Nikisema ukweli nafukuzwa, na yeye bado atabaki kibarua asiye na bima, tutakuwa tumekosa wote. Nikimpeleka kwa jina langu kama tulivyozoea, watasema huyu juzi tu tumemwona ni msafi. Nikimsihi aende hospitali ya serikali kwa ajili ya hizo bawasiri, anasema foleni ya kule itamlia siku nyingi na asiyekuja getini bati lake hupewa mwingine. Na mume wangu nitamtazama vipi, huyu ni dada yake lakini kwake ndiye mama. Au labda ni bawasiri kweli na mimi najitesa bure. Nisaidie, mshauri, ila usitaje kazi yangu ni wapi.

Ni mimi,
Niliyepona Ugonjwa Usio Wangu

MSHAURI ANAJIBU

Wewe uliyepona ugonjwa usio wako,

Barua yako nimeisoma nimesimama, na sikukaa mpaka nilipoimaliza. Nyuma ya bahasha uliandika namba ya simu. Nimekupigia mara kadhaa, inaita tu. Labda ni kelele za mashine, labda umeona namba ngeni ukaisukuma nyuma ya masufuria kama ulivyozoea. Gazeti hili lina siku yake ya kutoka na siwezi kuiharakisha, kwa hiyo ukiisoma hii, chai uliyonayo mkononi iweke chini.

Kwanza pole. Nasema hivyo kwa dhati, kwa sababu baada ya hapa sitakuwa mpole. Najua nyumba inayokula mkono wa mtu mmoja, na najua mtu huyo anavyolala. Hofu yako ya kichupa nayo si ya ajabu. Napokea barua za wanaume wenye vifua vipana ambao wangemwonyesha daktari jeraha lolote, ila upande ule wa mwili afadhali wafe. Mmoja aliniandikia kwamba kichupa chake alikizika. Kinyaa ulichokihisi wengi wanakihisi, na ungemwambia nesi wako angekufundisha namna ya kufanya bila kutapika. Ni kazi yake. Ila kusoma majina ya watu kwenye kipaza sauti si kazi yake, na kama ananisoma, naomba aache. Aibu waliyo nayo watu haitibiwi kwa kuwaaibisha, na wewe ni ushahidi.

Sasa nikuambie jambo ambalo wewe umeliandika mwenyewe na hukulisoma. Wifi yako anajua.

Unasema hakusoma sana. Kujua kwamba kilichokuwa ndani ya kile kichupa kilikuwa chake kunahitaji shule gani? Alisimama pale na viatu vyako mkononi akamsikia daktari. Akakuuliza swali moja, akakupa nafasi ya kusema kweli, ukamjibu vipimo hukosea. Akakuelewa, akakuuliza kama una njaa. Mtu anayegawa viatu vyake na kupatana na majirani hajawa mpole, bibi. Na anayemfundisha mtoto kupimia watu wanne hajakosea hesabu. Amejitoa kwenye hesabu. Amenyamaza kwa sababu anajua ukisema utafukuzwa, na ndugu yake na watoto watakosa kula. Alimlea mumeo kwa namna hiyo na sasa anakulea wewe.

Na kinachonikasirisha zaidi ni hiki. Nesi alipokushika mkono alikuambia kwamba damu si lazima iwe saratani, na kwamba hata kama kuna kitu, kikiwahiwa kinatolewa. Maneno hayo yalikuwa ya wifi yako. Ulimwachia hofu nzima, maneno ya kufariji ukabaki nayo wewe ambaye hukuyahitaji. Yeye anakwenda kulala kila siku akiamini ameshahukumiwa, na huenda hajahukumiwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakutuachia neno kuhusu anayeficha maradhi ya mwenzake. Nadhani hawakufikiri iko siku mtu atapata nafasi hiyo.

Unauliza kama labda ni bawasiri. Labda. Mimi si daktari, wala wewe si daktari, wala benchi gumu si daktari. Ninachojua, kwa kuwauliza wanaojua, ni kwamba mtu wa umri wake anayetoka damu chooni na kupungua mpaka sketi inabanwa kwa pini hapaswi kuambiwa bawasiri na mtu yeyote ambaye hajamwangalia ndani. Wako wengi waliozikwa na neno hilo.

Mmechanganya pia jambo lingine. Kile kichupa ni cha watu ambao hawahisi chochote, ili waliolala waamshwe mapema. Wifi yako hajalala. Ana dalili. Hahitaji kichupa, wala kadi yako, wala hisani ya kiwanda chenu. Anahitaji kuonwa na daktari, na mlango wa hospitali ya serikali, pamoja na foleni yake ndefu na mabenchi yake yasiyo na mito, hauulizi kama umeajiriwa.

Kwa hao mabwana wa menejimenti nina neno fupi. Mmehesabu kadi mkadhani mmehesabu watu. Wanaoshika damu ya hospitali nzima kwa mikono yao hamkuwaletea hata kichupa kimoja, na mliowaletea, nusu yao wameviweka kabatini kwa sababu mliwapigia kelele badala ya kuwaeleza. Sasa mna vichupa visivyo na watu na watu wasio na vichupa, na mnabandika matangazo ya kufukuza wanaoazimana. Watu hawaazimi wanachopewa.

Turudi kwako. Fanya hivi.

Leo, kabla hujamwambia mumeo, kabla hujamwambia nesi, mwite wifi yako mkae wawili. Usianze na samahani ndefu, atakukatisha akufariji, namfahamu mtu wa aina hiyo. Mwambie, "Wifi, ile damu ni yako, na mimi nilijua tangu siku ya kwanza." Kisha mpe maneno yote ya nesi kama ulivyopewa wewe, bila kupunguza. Akilia, acha alie. Akicheka, usicheke naye.

Kesho asubuhi asiende getini. Nenda naye hospitali, wewe mwenyewe, una siku za ruhusa na yeye hana. Mgonjwa aliyekwenda peke yake na neno bawasiri hurudishwa na dawa ya kupaka. Mkifika mbele ya daktari neno hilo asilitamke. Aseme anaona damu, aseme tangu lini, aseme amepungua na hamu ya kula imekwisha, na wewe useme kwamba kipimo cha choo chake kilionyesha damu. Ombeni rufaa ya kamera. Mkipewa tarehe ya mbali, msiitikie na kuondoka, mwombeni daktari aandike kwamba ni jambo la haraka. Gharama ikiwashinda, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi hapo hospitali, mara nyingi iko mwisho wa korido na mlango wake haujaandikwa vizuri, mkaeleze hali yenu. Mtachoka. Rudini tena.

Na aende kwa jina lake. Najua kuazimana jina kumewasaidia wengi huko kwenu, simdharau aliyebuni, lakini kuna mahali desturi hiyo huua. Kwenye faili lako utumbo ni msafi na gego halipo. Wifi yako akilazwa kwa jina hilo, nani atajua damu ya kundi gani aongezewe, au dawa gani inamdhuru? Akiwekwa kwenye meza ya upasuaji, awe yeye.

Ukitoka huko, mwendee nesi, ufunge mlango kama alivyoufunga yeye, umwambie ukweli. Lile jibu la maabara ni la wifi yako, na daktari akilipata mkononi atafanya haraka kuliko akisikia kwa mdomo. Sitakudanganya kwamba kazi yako itabaki. Huenda nesi ataona haya yake mwenyewe akakusitiri, huenda hatakusitiri. Ukifukuzwa mtalala njaa siku kadhaa, na hilo ni baya, sifichi. Ila mikono inayojua kunyoosha shuka itapata pasi nyingine. Mumeo naye mwambie baada ya dada yake kukuruhusu, na akikasirika mwache akasirike, ana haki, hasira ya mume haijawahi kunyimwa nafasi katika nyumba ikakosa kurudi na riba. Vumilia.

Sijui kama mmechelewa. Ningependa kukuandikia kwamba hamjachelewa, ukalala vizuri leo, lakini mimi sijui, na hata daktari hatajua mpaka aangalie. Zile siku ulizokuwa unasema kesho zimeshakwenda na hakuna wa kuwarudishia.

Jikoni alikuuliza kwa mzaha utamwachia nini cha kwake. Siku ile alikaa kwenye benchi ameushika mkoba wako kwa mikono miwili. Kesho shika wa kwake. Na kabla hamjatoka nyumbani, mwambie binti kwamba mkirudi mkute amepika cha watu watano.